Santuri Iliyochekwa Gulioni

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Unisamehe kwa kunyamaza tangu mavuno. Mahindi yamekwisha kupukuchuliwa, na goti la babu yako limepona.

Unauliza uanze na albamu ipi ya bendi ile ya zamani, kwa kuwa rafiki zako humcheka anayeanza na isiyo maarufu. Nilipokuwa msichana, fundi redio wa gulio la Ulaya, kile kijiji cha huku kwetu Kilosa, alimruhusu kila mtu kuchagua santuri moja tu ya kupigiwa. Nilichagua ile ambayo hakuna aliyeigusa.

"Binti, hiyo hata mbuzi wangu huikimbia," akasema, na watu wakacheka.

"Shikamoo nimekwisha kukupa, fundi. Sasa iweke."

Niliisikiliza pande zote mbili, nimesimama. Sikuipenda. Ilipokwisha, fundi aliungama kwamba hata yeye alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo sikupi orodha. Mimi nami, kwa ile bendi ya vijana unayoipenda, nimeanza na albamu uliyonionya niiruke. Nikishaamua kama ninaipenda, nitakuandikia. Usinisaidie kuamua.

Bibi yako,
Kilosa