Sehemu ya Thelathini na Moja

Gerezani, 4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Mimi mzima, isipokuwa jino moja la nyuma linaniuma na daktari wa hapa huja mara moja kwa mwezi. Wewe sikuulizi hali. Mama huniandikia kwamba unakula na unakwenda kazini, hayo yananitosha.

Miaka miwili sijakuandikia na sikuwa na nia ya kuanza. Ila rufaa yangu itasikilizwa tarehe 14 Juni. Wakili anasema mashahidi wote walionikandamiza wanaweza kupingwa isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ni wa tumbo moja nami. Nataka maelezo mapya kutoka kwako. Useme ulichanganya siku. Useme Jumamosi ile tulikaa wote wawili kwenye lile kochi tukatazama sehemu ya thelathini na moja ya kile kipindi chetu mwanzo hadi mwisho, kama tulivyotazama zile thelathini za kwanza. Mistari mitano tu, na saini.

Na kabla hujaandika, rudia kuitazama. Si wewe ndiye mtaalamu wa kurudia? Itazame pale Mganga anaposimamishwa mbele ya Malkia na kuulizwa Mlinda Lango alikuwa wapi siku lango lilipoachwa wazi. Jana nilimweleza mwenzangu wa chumba kipindi chenyewe kilivyo: watu watano wamezunguka meza, mmoja ni Msimulizi, waliobaki kila mmoja ana mhusika wake wa kumsemea, na likija jambo gumu wanarusha dadu kuona kama limewezekana. Akaniuliza kama ni kweli watu wazima na akili zao wanakaa kutazama hilo. Nikamwambia mdogo wangu ana madaftari manne ya kuchambua wahusika. Nikamweleza na Mganga. Msimulizi alimwambia waziwazi, ukitaka kumdanganya Malkia, rusha. Hakurusha, akasema kweli. Miaka kumi ametembea na Mlinda Lango, akamtia rafiki yake shimoni bila hata kujaribu bahati. Mwenzangu ameua mtu, na hata yeye alisema huyo mwanamke hana utu.

Na wewe hukunirushia dadu.

Kaka yako.


Nyumbani, 21 Machi

Kaka,

Barua yako imefika, na jino pole. Mimi sijambo. Nasaga lenzi kutwa kwenye duka la miwani, mashine ni ileile inayovuja maji, na jioni narudi kwa Mama ambaye hanisemeshi. Hilo naona hakukuandikia. Tangu hukumu tunapika jiko moja kimya. Chumvi ikiisha anaweka kopo tupu mbele yangu na kuondoka. Kwa hiyo usinipe habari zangu kupitia kwake.

Sikuchanganya siku. Nilichanganya ufunguo, na hilo nalikubali mchana kweupe.

Uliwaambia polisi kwamba si wewe uliyemgonga fundi viatu na gari la kiwanda, kwa sababu ulikuwa nyumbani unatazama kipindi na mimi. Kwa kutaka kuaminiwa ukaeleza jinsi Mganga alivyompenyezea Mlinda Lango ufunguo wa shimo. Ulieleza mpaka ni kwa mkono upi. Mpelelezi akaenda akaitazama sehemu ile saa tatu nzima na daftari, mtu mzima na bastola kiunoni, akatafuta ufunguo. Haukuwepo. Ulikuwa kichwani mwangu. Nilimwona mchezaji wa Mganga akifuta kitu kwenye ile karatasi ya mali za mhusika wake, nikasema moyoni, ufunguo huo, amempa. Nilipokusimulia nikautia kama jambo lililotokea. Nilitia chumvi kama kawaida yangu, nawe ukameza, ukaenda kutapika kituoni. Hujawahi kuitazama sehemu ile, kaka, mpaka leo, halafu unanifundisha Mganga alifanya nini.

Nilichoulizwa mahakamani kilikuwa kifupi. Ulitazama na kaka yako? Sikutazama naye. Alifika kipindi kikiisha. Ni hayo tu niliyosema, na fundi viatu alikuwa amekaa mstari wa mbele amevaa kiatu kimoja.

Saini sina.

Mdogo wako.


Gerezani, 27 Aprili

Mdogo wangu,

Habari za huko sizitaki, za hapa ndizo hizi. Barua yako ilikaa kwa askari msomaji wa barua mwezi mzima kwa sababu ya yale maneno yako, ufunguo wa shimo. Niliitwa ofisini mara mbili nieleze ni shimo lipi, na Mganga ni nani na anakaa mtaa gani. Godoro langu lilipasuliwa. Nilisimama pale nikiwaeleza watu wa sare habari za Malkia na dadu mpaka mkubwa wao akafunika uso kwa faili. Najua unataka kunimaliza, ila njia hii sikuitegemea.

Sasa tubishane kama zamani, kwa ushahidi. Sehemu ya nne, Mganga anarusha dadu kumdanganya mtoza ushuru kwa ajili ya askari asiyemjua. Ya kumi na mbili, anarusha kwa ajili ya mwizi wa mbuzi. Ya ishirini, kwa ajili ya mbuzi mwenyewe. Mara tisa amedanganya kwa ajili ya watu wa njiani, nimezichora ukutani hapa. Ikafika zamu ya rafiki yake wa kufa na kuzikana, ghafla akawa mkweli. Mimi huo siuiti uaminifu. Alitaka Malkia amwone msafi, basi.

Nawe vivyo hivyo. Nilipovunja dirisha la jirani ulisema ni upepo. Nilipofukuzwa shule ulimwambia Mama shule imefungwa mapema, ukanificha wiki tatu. Ulikuwa mwongo hodari, nakupa sifa zako. Ukaja kuokoka mbele ya hakimu, ukumbi umejaa watu, mimi nimetiwa pingu.

Nimemwandikia Mama. Amejibu kwamba ukisaini atakusemesha siku hiyohiyo. Ana shinikizo la damu, miguu imevimba, na anataka nirudi kabla hajafa, amesema kwa maneno hayohayo. Unamnyima mama yako mtoto kwa ajili ya mguu wa mtu usiyemjua hata jina. Mimi siku ile nilichanganyikiwa. Nilifika nyumbani sijui hata naitwa nani, nikakaa kama gogo. Mama hilo analielewa. Wewe ndiye unayejifanya hamnazo.

Zimebaki wiki saba.

Kaka yako.


Nyumbani, 16 Mei

Kaka,

Nimepokea. Mama anaendelea na dawa, miguu imepungua kidogo. Namkanda kila asubuhi naye anatazama ukuta. Mimi ni mzima na nimekasirika.

Nimeirudia sehemu ya thelathini na moja mara tatu, kama ulivyoagiza. Mara ya tatu niliisimamisha kwenye ile karatasi nikakuza picha mpaka ikawa chengachenga. Alikuwa anafuta bandeji. Zilikuwa sita, akaandika sifuri. Lango lilipoachwa wazi yeye ndiye aliyefunga majeraha ya waliovamiwa barabarani, zikamwishia, kisha akaitwa kuulizwa nani aliliacha. Miaka miwili mashabiki tunarushiana maneno kwa nini hakurusha dadu, na jibu limekaa palepale kwenye karatasi. Niliona ufunguo kwa sababu nilitaka sana awe amempa.

Umesema ulifika hujui unaitwa nani. Mama anaamini hivyo kwa sababu sijawahi kumwambia lingine, alikuwa zamu siku ile. Tuliokuwepo ni sisi wawili, basi ngoja nikukumbushe.

Ulifika saa kumi na moja. Ulinawa mikono. Ulikaa kwenye kochi ukavua viatu ukasema, haya mwalimu, nisimulie nilichokosa. Kaka, kipindi kilikuwa kimesimama karibu mwaka mzima tangu ile ya thelathini, na mwaka huo wote ulikuwa hujaniuliza kitu. Ulikuwa ukipita tu nyumbani kula na kubadilisha shati. Nikakaa nikakusimulia saa moja na nusu. Ukawa unauliza: Malkia alisimama au alikaa? Yule wa kushoto alivaa nini? Mganga aliyasema hayo kwa sauti gani? Ulicheka nilipomwigiza Msimulizi anavyokohoa kabla ya kumtia mtu matatani. Nikakuchemshia chai, nikaendelea. Niliwaza, kaka yangu amerudi. Hujui nilivyofurahi. Naona aibu hata kuandika.

Saa hiyo fundi viatu alikuwa kwenye mtaro nyuma ya maghala, ambako Jumamosi hapiti mtu. Alipatikana saa kumi na mbili na nusu. Daktari alisema mahakamani kwamba angefikishwa saa moja mapema, mguu ungebaki. Saa hiyo moja nilikuwa nayo mimi, naitumia kukuigizia watu. Ulinikalisha nikakushonea uongo wako kwa furaha yangu yote. Ungesema neno moja tu ningetoka mbio mwenyewe, maghala ni dakika kumi kwa miguu.

Kumgonga ulimgonga kwa bahati mbaya, labda. Kwa hilo ningedanganya. Ningemtazama hakimu usoni nikasema ni upepo. La kochi siwezi, na sitakusamehe, bora ujue mapema usije ukapoteza karatasi kuniomba.

Hakimu hakuniuliza tulifanya nini baada ya kipindi, nami sikusema. Nilikuficha, ujue. Huo ndio uongo nilioutoa kwa ajili yako, wa kunyamaza, na umeishi nao miaka miwili ukinitukana. Sasa umeomba maelezo mapya. Nimeyaandika. Hayakutosha mistari mitano, ni kurasa mbili, na maswali yako yote yamo, moja baada ya jingine. Nimesaini. Wakili wako nimempelekea leo mkononi. Rufaa ikisikilizwa nitakuwepo, na nikiitwa nitayasoma Mama akiwa amekaa hapo.

Mdogo wako.


Gerezani, 9 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo. Jino waling'oa, la pembeni yake nalo limeanza.

Wakili amesoma kurasa zako akaniambia nikiendelea nitajipalia makaa. Nimeiondoa rufaa. Mama nimemwandikia mwenyewe. Nimemweleza ulivyonisimulia na nilivyokuwa nakuuliza, hata lile la Malkia kusimama au kukaa. Sikutaka ayasikie kutoka kwako, ungetia chumvi. Barua yake itafika pamoja na hii, yako ukiimaliza mpelekee yake, usimsomee. Akikusemesha au asipokusemesha, hilo haliko juu yangu tena.

Usidhani nimelainika. Umenizika, na ulikaa na udongo wako miaka miwili ukisubiri siku. Ukija siku ya wageni sitatoka.

Kuna jambo halimo kwenye kurasa zako kwa sababu hulijui, na wakili nimemficha. Nilishuka garini. Nilimwendea mpaka alipoangukia. Alikuwa anaongea vizuri tu, aliniambia, kijana, niitie watu. Nikamwambia, ngoja mzee, nakuja. Nikapanda gari. Nilipokuwa nakuuliza yule wa kushoto alivaa nini, nilikuwa nasubiri aache kuniita humu kichwani. Kila uliponyamaza kunywa chai nilimsikia. Ndiyo maana maswali yalikuwa mengi. Uliniona nacheka ukadhani nimerudi, mimi nilikuwa nakushika usinyamaze.

Huku wenzangu wamekipenda kipindi. Kila baada ya chakula cha jioni wanakaa kwenye sakafu nawasimulia sehemu moja, hata yule mwenzangu wa chumba aliyenikejeli kwa habari ya watu wazima na akili zao siku hizi anawahi nafasi ya mbele. Juzi tulimaliza ya thelathini. Wananidai iliyofuata, na nimewaambia siijui.

Kaka yako.