Rangi ya Mlango wa Banda la Kuku

Mjukuu wangu Paskali,

Shangazi yako amesema leo asubuhi kwamba ng'ombe wetu amezaa. Hapa kijijini Daudi sote wazima, na picha yako ya ile ndege ya kivita ya zamani iliyofufuliwa, ikiwa angani, imefika. Umeuliza mafundi waliijuaje rangi yake ya zamani.

Miaka ile soko huria lilipoanza, mafundi wageni waliokuwa wakiifufua walikuja kijiji cha Mogitu, ilikoangukia, nami nikafuatana nao kuandika habari. Hawakutaka kukisia rangi. Bati pekee la ndege lililobaki lilikuwa mlango wa banda la kuku la Mama Anna. Aliposikia wageni wanakuja, alilisugua bati hilo kwa majivu mpaka likang'aa.

"Mama, rangi iko wapi?" fundi mkuu aliuliza.

"Uchafu ule? Ningewapokeaje na uchafu?"

Fundi alikaa chini. Mama Anna akamwonea huruma.

"Pole, mwanangu. Nimeuacha hapa tu, chini ya bawaba za ngozi. Usiwaambie watu."

Fundi akainua ngozi. Chini yake palikuwa na rangi ya kijani, ileile unayoiona kwenye picha.

Jumapili, baada ya ibada, nitampelekea Mama Anna picha yako, auone uchafu wake ukiruka.

Babu yako