Babu Rajab Atundikwe Mzima

Kibuli, Kampala
17 Machi 1991

Mpendwa dada Zubaida,

Asalaam aleikum. Habari za Kibera? Lile goti limekubali dawa? Watoto je? Sisi huku wazima, na mama yangu bado anatushinda kwa sauti na kwa kula.

"Picha ya askari ndani ya nyumba ni aibu, ichomwe." Hayo ni maneno ya kaka yetu Uthman, Jumapili iliyopita, mbele ya mama. Nakuandikia kwa sababu sikuyameza.

Tulikuwa tukipaka rangi sebule kwa ajili ya harusi ya binti yangu Shamim. Nilipoteremsha picha ya Kaaba, nyuma yake ikadondoka bahasha. Ndani zilikuwamo picha za babu Rajab na wenzake wa KAR, jeshi la Mwingereza, lakini vichwa tu. Kuanzia shingoni kwenda chini, hakuna kitu. Mama hata hakuona haya. "Mwaka wa sabini na tisa wanajeshi walikuwa wakipekua kila nyumba ya Mnubi. Nilikata nguo za jeshi. Watu sikuwakata."

Uthman anataka hata vichwa vichomwe, wakwe wasije wakaviona. "Babu alikuwa kibaraka wa Mwingereza. Wewe msomi unajua!"

Najua, tena kuliko yeye. Babu alikula mshahara wa Mwingereza, akawapiga risasi watu ambao hawakumkosea. Nina ugomvi naye mkubwa. Lakini nitagombanaje na mtu niliyemchoma? Anayechoma picha hatubu, anajificha. Na wale wanaotuambia Wanubi turudi Sudan watafurahi mno tukiwasaidia kufuta wazee wetu kwa kiberiti chetu wenyewe.

Shamim, mwenye harusi, amesema picha zitundikwe. Uthman ameapa hatakanyaga sebuleni. Basi, chai yake itapelekwa uani.

Sasa hivi vichwa tutavitundikaje? Marehemu mama yako, mdogo wake mama yangu, alihamia huko na nakala ya picha ya babu isiyoguswa na mkasi: miguu peku, bunduki begani. Uthman amekwisha kukuandikia uiharibu, najua.

Nisalimie shemeji Khamis na shangazi Fatumah. Mungu awape afya, na riziki isiyo na masimango.

Zubaida, na nyinyi wanawe mnaomsomea barua hii: msimtii Uthman. Ileteni picha hiyo wenyewe, mkononi, kabla ya harusi, na mwingie nayo kwa mlango wa mbele.

Ndugu yako akupendaye bila kuomba radhi,
Faruk