Damu ya Mercy

Jumatatu, 2 Juni
Nimezibadilishia seli maji ya kuzilisha asubuhi, kama kawaida. Glavu mbili, koti, mikono ndani ya kabati la kioo. Virusi vimeshaingia. Haviwezi kumwambukiza mtu, tumevitoa makali, vimebaki vya kubeba ujumbe tu. Ujumbe unaiambia jeni moja inyamaze. Jeni hiyo ndiyo huzima damu tunayozaliwa nayo, ile isiyojikunja kama mundu. Ikinyamaza, damu ya utotoni inarudi. Ndani ya sahani, si ndani ya mtu.

Damu ni ya Mercy, mtoto wa dadangu Rose. Ana selimundu. Mimi ndiye nilimwomba Rose amtoe Kawangware aje achangie utafiti. Maabara wanamjua kwa namba tu. Sijawaambia ni wa kwetu. Hata sijawaambia naishi Kibera.

Jumapili, 8 Juni
Kanisani, Kianda, hapa hapa Kibera. Mchungaji alinisimamisha. Eti binti yetu anatibu selimundu. Makofi. Ningesema tunachunguza tu, hatutibu mtu. Nilitabasamu. Nilipenda.

Alhamisi, 19 Juni
Imekubali. Tulizinyima seli hewa makusudi. Ambazo hazikuguswa zilijikunja. Zenye jeni iliyonyamazishwa, nyingi zilibaki duara. Mkuu wa maabara alileta keki.

Nilimpigia Rose nikiwa kwa ngazi. Nikamwambia damu ya Mercy imekubali.

"Unamaanisha imepona?"

"Huku maabara, eeh."

Akalia. Nikamwacha alie. Nilijua amesikia nini.

Jumamosi, 5 Julai
Nimeshinda kwa Rose, mtaa wa Kongo, huko Kawangware. Amenichinjia kuku. Majirani walipita kumsalimia daktari. Mimi si daktari.

Mercy alikaa karibu na jiko, sweta mbili. Baridi ya Julai humsumbua. "Anti, ile damu yangu poa utanirudishia lini?"

Nikasema bado kidogo. Uongo. Hatujaipa hata panya.

Macho yake yalikuwa ya manjano. Niliyaona. Nikaendelea kula.

Jumanne, 8 Julai
Rose alipiga simu nikiwa kazini. Mercy analia mifupa yote, kifua kimembana. Nikawakuta hospitalini.

Daktari aliuliza kuhusu vidonge vyake vya kila siku.

"Tuliacha," Rose akasema. "Vilikuwa vinamchosha. Na dadangu alisema damu imepona, tukaona tungoje hiyo mpya."

Daktari akaniangalia. Nilikuwa na kitambulisho cha maabara shingoni. Nilikigeuza.

Jumatano, 9 Julai
Wamemwekea oksijeni, wamemwongezea damu ya mtu mwingine. Seli zake ziko kwenye friji yetu, salama kabisa. Nilizichungulia, nikafunga mlango wa friji.

Ijumaa, 11 Julai
Mercy anapumua vizuri. Nimemwambia Rose, tumekaa kwa benchi nje ya wadi. Kwamba si dawa. Kwamba hapa kwetu hakuna mtu aliyepangiwa kupewa kitu, hata Mercy.

Alifunga nguo chafu za mtoto kwenye leso.

"Siku ile nikilia kwa simu, ulijua hivyo?"

"Nilijua."

"Na ukaninyamazia."

"Eeh."

Akachukua nguo za mtoto akaenda kuzifua. Nilitamani anitukane.

Jumapili, 13 Julai
Nimesimama kanisani bila kuitwa. Nikasema sijatibu mtu yeyote, na wenye watoto wagonjwa wasiache dawa. Mchungaji akaangalia sakafu.

Nikitoka, mama mmoja wa kijiji cha Raila, hapa Kibera, alinishika mkono. Ana kijana mgonjwa. Tangu siku ya makofi amekuwa akimpa vidonge nusu, ili visiishe kabla dawa yangu haijakuja. Aliuliza kwa upole kama amekosea. Yeye ndiye aliuliza kama amekosea.

Nilimwambia arudi kliniki kesho, na nitaenda naye.

Alhamisi, 17 Julai
Nimemwambia mkuu damu ni ya nani, na yote niliyosema nje. Amenitoa kwenye mradi kwa sasa. Ana haki. Kijana wa yule mama wa Raila ameonwa, amerudishiwa dozi kamili.

Jumatano, 23 Julai
Mercy yuko nyumbani. Nilipita Kongo kutoka kazini. Rose alifungua mlango, hakusema karibu, lakini hakuufunga. Akanisogezea stuli.

Nilimweleza Mercy taratibu. Kwamba damu ile inatufundisha kitu, lakini hairudi mwilini mwake. Labda siku moja watu watapata. Sijui lini.

"Kwa hivyo mimi bado niko vile vile?"

"Bado."

Akafungua pakiti ya vidonge vyake.

"Basi nipee maji nimeze dawa."

Nikachota kikombe, nikampa. Rose alisimama mlangoni akatuangalia mpaka Mercy akameza.