Kichwa cha Sato Kimeshapata Mwenyewe

Kaka Masanja, mzee wa mipango huko Dodoma,

Shikamoo. Hiyo nakupa kwa sababu mama amekaa hapa pembeni, la sivyo ungeikosa.

Ni mimi Shija, yule uliyesema hana dira kwa kuwa shule niliishia kidato cha pili. Dira sina, kweli. Ila nikishafunga kijiwe changu cha kuziba pancha kule Mkuyuni, nikifika nyumbani Pasiansi natupa shati kwenye mawe, najirusha ziwani na watoto wa jirani, tunacheka mpaka tunakunywa maji. Wewe kucheka umekuweka mwezi gani kwenye ratiba?

Unakumbuka ulivyotupeleka kutembea ufukweni? Ulikuja na mpango kwenye simu: picha, chakula, kuogelea, halafu "mazungumzo ya familia". Mazungumzo ya familia, kaka! Utadhani sisi ni kamati. Mvua ikashuka hata picha hatujapiga. Tukajibanza chini ya jabali, mama akatoa mahindi ya kuchoma aliyoyaficha kwenye kitenge, akaanza kuigiza unavyotembea na mkoba wako wa ofisini mpaka akapaliwa. Siku tamu ile! Wewe ulisimama kando, umenuna, unapanga upya. "Tumeshapoteza siku," ukasema. Msomi mzima.

Sasa nisikilize. Kwetu kichwa cha samaki ni cha mtoto wa kwanza, unajua. Tangu uondoke, kila Jumapili mama anachemsha sato, kichwa anakiweka kwenye bakuli lako, anafunika. "Anaweza akatokea," anasema. Nikinyoosha mkono napigwa mwiko.

"Cha kaka yako hicho! Wewe mkia unakutosha."

Jioni kikishapoa ndiyo nakabidhiwa. Nakila huku nakusema.

Na wewe kwenye simu wimbo ni ule ule: "Najipanga, mama. Nikimaliza nyumba nakuja." Nyumba ikaisha. Ikawa gari, eti uje kwa heshima. Heshima kwa nani? Majirani hapa gari lako hawalijui, wanachojua ni ulivyokuwa unakojoa kitandani. Nikikucheka, mama ananikata: "Mwache mwenzako, anajipanga."

Jumapili iliyopita alipakua kama kawaida. Bakuli lako sikuliona mkekani. Kichwa kikatua kwenye sahani yangu, cha moto, kinafuka.

"Mama, hiki si cha kaka?"

Hakuniangalia. "Kula, Shija. Kitapoa."

Nikala. Tena kitamu, usidhani nilikuonea huruma. Nilifyonza mpaka mifupa, paka akaondoka na hasira zake. Lakini siku zote mama hula huku anachungulia mlangoni, we unamjua. Safari hii alikula ameupa mlango mgongo.

Hapo ndipo nilipotafuta kalamu, mimi ambaye kuandika naona kama adhabu.

Kwa hiyo usijipange. Panda basi na hizo hizo nguo ulizovaa, njoo tugombee kichwa mbele ya mama. Na usitegemee nitakuachia kiungwana. Kwa sasa mtoto wa kwanza hapa ni mimi, na nimeanza kuzoea.

Mdogo wako asiye na dira,
aliyeshiba.