Unga wa Mama Umo Kwenye Uji wa Watoto

Epifania mdogo wangu,

Nimedandia lori la misheni kwenda Kahama kutafuta kopo jingine la ule unga wa lishe wa Mama wa hospitali. Asubuhi nilikuwa namkorogea kikombe chake kama kawaida, kijiko kikagonga bati. Kopo tupu. Kumbe jana aliumimina wote kwenye uji wa watoto wa kaka Anatoli. Nilipomuuliza akacheka: "Mwalimu, chuoni hawakukufundisha kugawa? Anayekula peke yake mbele ya watoto ni mchawi." Nikaenda kuliosha kopo. Unanijua.

Daktari wa Dar hakuahidi kwamba unga ule utaukinga utumbo wake usizidi kuumizwa na ile mionzi ya kutibu saratani. Alisema utamtia nguvu wakati utumbo unajaribu kupona. Hatuna kingine.

Mpikie uji mwembamba wa mchele. ~~Akiomba maziwa mpe kidogo.~~ Hapana, maziwa usimpe hata akikununia, yanamzidishia kuhara. Maji ya chumvi na sukari yamo kwenye birika la bluu. Baba asiyamwage akidhani ni ya kunawa.

Tangu arudi kutoka Dar nasikia ndara zake zikikimbilia chooni. Hata akiwa amelala mbele yangu, bado nazisikia.

Hapa chini msomee kwa sauti, mimi nilishindwa:

Mama, sikukasirikia unga. Naogopa utakufa. Kunywa peke yako. Watoto na wakuite mchoyo, mradi uwepo uwaitikie.

Binti yako,
Anisia