Vipimo Viwili na Mteremko wa Shule

Alhamisi, Julai 1998. Baridi imekaza tangu asubuhi na jua halijajitokeza hata kidogo. Nimejifunika leso mbili. Bado yale ya mteremkoni hayajanitoka.

Wacha niandike kabla Baba Sharon hajarudi kutoka mazoezi ya kwaya. Akinikuta na kalamu ataanza kunitania kwamba nimekuwa karani, na leo sina kicheko cha kumpa.

Kwa wiki kadhaa nyumba hii imekuwa na mazungumzo ya kitu kimoja tu, petroli. Tangu Baba Sharon apunguzwe kazini na kununua ile station wagon kuukuu ya kubeba watoto wa shule, mimi ninashona sare mpaka vidole vinakufa ganzi, na gari linakunywa tu. Mimi ndiye niliyesema lipimwe. Sipendi kubahatisha. Hata kitambaa sikikati kabla sijakipima mara mbili.

Fundi Otieno, anayetengeneza magari kule Kawangware, akatuazima vidude viwili tuvijaribu, tuchague kitakachotufaa. Cha kwanza ni saa ya mshale yenye mpira mwembamba unaoingia kwenye injini. Ukikanyaga mafuta kwa pupa mshale unakimbilia wekundu, ukienda taratibu unatulia kwenye kijani. Cha pili ni kisanduku cha namba, kinachofungwa kwenye mpira wa petroli na kebo ya spidi, na kina waya wake wa betri ili kisisahau hesabu hata injini ikizimwa. Hicho kinajumlisha safari nzima, kisha kinakwambia lita moja imekufikisha wapi.

Saa ya mshale Baba Sharon aliichukia. Alisema inamgombeza kama mama mkwe. Kisanduku alikipenda siku ile ile. Kila jioni alikuwa anaingia nyumbani na namba mdomoni kabla hata ya salamu, na kila jioni namba ilikuwa imepanda. Tangu apoteze kazi sikuwa nimemwona akifurahia kitu alichofanya mwenyewe namna hiyo. Na mimi nikajivuna. Nilimwambia Mama Brayo, jirani yetu hapa Sarang'ombe ambaye mwanawe hupanda gari letu, kwamba mume wangu siku hizi anaendesha kama mtu aliyebeba mayai.

Mayai yenyewe ni watoto wa watu.

Leo ilikuwa siku ya kuamua. Otieno alikuwa amefunga vipimo vyote viwili pamoja, akaniambia nipande kiti cha mbele nivitazame kwa zamu, nione kipi kinasema kweli. Tukabeba watoto wa hapa, tukapitia Nyayo Highrise tukabeba wengine, tukashika njia ya Riruta Satellite. Vidude vilikuwa vinaelewana vizuri kabisa. Mshale ukikaa kijani, namba inapanda. Mshale ukiangukia wekundu, namba inashuka kidogo. Nilikuwa ninafurahia kazi yangu kama mkaguzi wa serikali.

Tulipofika juu ya mteremko wa shule, watoto wakanyamaza. Wote, kwa pamoja, hata yule wa Highrise ambaye hajui kufunga mdomo. Nikageuka kuuliza kuna nini. Sharon wangu akaniwekea kidole mdomoni.

"Mum, usiongee! Tunacheza Kimya, mchezo wa Baba wa kila siku. Mwenye ataongea ameshindwa."

Kisha injini ikazima.

Haikuwa imeharibika. Niliuona mkono wa Baba Sharon kwenye ufunguo. Mshale ukaanguka mpaka chini na kulala hapo, lakini namba kwenye kisanduku ikawa inapanda tu, maana gari lilikuwa linakwenda bila kunywa chochote. Hapo ndipo nilipojua zile namba za kila jioni zilikuwa zinatoka wapi.

Madereva kushuka na free ninakujua. Wanatoa gia, gari linajiendea, mafuta yanabaki. Nani Nairobi hajaona hilo? Lakini kuzima injini kabisa, na watoto wamejaa nyuma?

Juu kulikuwa na mashimo, akakanyaga breki pale, gari likatii. Chini, karibu na daraja, mkokoteni wa maji ulikuwa unavuka. Akakanyaga tena, na safari hii breki ikakataa. Nilimwona akiikanyaga ile pedali kwa miguu yote miwili, mgongo umeachana na kiti, mishipa ya shingo imemtoka. Mwenye mkokoteni akaacha mitungi yake akaruka. Baba Sharon akakata usukani kwa nguvu zake zote, tukapanda rundo la mchanga wa ujenzi kando ya barabara, na gari likasimama.

Hakuna aliyeumia. Ninaandika tena ili niamini. Hakuna aliyeumia.

Watoto wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Kisha wakakubaliana kwamba mimi ndiye niliyeshindwa, kwa sababu nilipiga kelele.

Tulipowashusha shuleni tukaenda moja kwa moja kwa Otieno. Alisikiliza huku akitikisa kichwa. "Mzee, breki inasaidiwa na injini. Ukizima, inakuachia kukanyaga mara moja, mbili. Baada ya hapo unakanyaga jiwe." Baba Sharon akacheka kile kicheko chake cha kuficha aibu. "Si tumefika? Kwani nani ameumia?" Halafu akanigeukia, macho yanang'aa, akauliza polepole, "Lakini uliona hiyo namba?"

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumkumbatia. Nikaishia kumwambia Otieno afungue vidude vyake vyote viwili, na nikasimama pale mpaka akavitoa.

Baba Sharon ameniapia kwamba hatarudia. Ninamwamini kwamba anamaanisha. Lakini tulipokuwa tunarudi, gari tupu, bila mshale wala namba, tulifika kwenye kijiteremko kimoja kidogo tu, na nikauona mkono wake ukielekea kwenye ufunguo. Ukagusa. Ukarudi kwenye usukani. Sidhani hata yeye alijua kwamba umekwenda.

Jioni Mama Brayo aliniita kutoka mlangoni kwake. "Mama Sharon, eti Brayo anasema leo mlipanda mchanga?" Nikamjibu, "Ah, si unajua watoto." Akacheka, akaendelea kukata sukuma wiki. Chai yangu imepoa hapa mezani kwa sababu ya jibu hilo.

Nikimwambia ukweli, atamtoa mwanawe, na wengine watafuata. Ile station wagon itageuka nyumba ya kuku, na Baba Sharon atarudi kukaa kitandani akitazama ukuta kama miezi ile ya mwanzo. Ninaogopa ukuta ule kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini leo nimeona ninachopaswa kuogopa zaidi.

Kesho shule ipo. Kabla gari halijawashwa nitabisha kwa Mama Brayo, nimweleze yote, Baba Sharon akiwa amesimama hapo hapo anasikia. Akiamua kumtoa Brayo, ni haki yake.

Sharon ameniuliza sasa hivi kama kesho nitapanda nao tena. Anasema atanifundisha kunyamaza, si vigumu. Nimemwambia nitapanda. Kunyamaza, hapana.